Kiwiko cha Marehemu na Rula ya Bosi

Mliponiacha juma lililopita nilikuwa nimebanwa kati ya magodoro mawili stoo, nimeziba pumzi, na huko mbele ya duka mama mmoja mwenye miwani anauliza yuko wapi yule bwana mnene. Aliuliza kwa sauti ya mtu aliyezoea kujibiwa.

Bwana mnene ndiye mimi. Kwa wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, nikuweke sawa upesi: kazi yangu ni kulala. Usicheke. Nalala dirishani, katika duka la magodoro, nyuma ya kioo kikubwa kinachotazama barabara. Wapita njia wakisimama kushangaa, bosi hutoka nje na kuwaambia, godoro likimbeba huyu, wewe na mkeo mtapotea humo kama sisimizi.

Mtaa mzima unaniita Shehena. Bosi naye ni mwembamba kiasi kwamba akisimama mlangoni hujui yupi ni yeye na ipi ni fremu. Tunamwita Bosi Sponji, ila akiwa hayupo.

Sasa, godoro ninalolalia mimi ni moja tu, na ni zuri, sina ubaya nalo. Linalopelekwa nyumbani kwa mteja ni jingine. Kava ni lile lile, maua ni yale yale, ila tumboni limeshindiliwa vipande vya sponji kuukuu na magunia yaliyokatwakatwa. Mimi sijazi magodoro. Mimi nalala. Anayejaza ni bosi mwenyewe, na wakubwa wa ukaguzi hupita, hunitazama nimelala, hucheka, huenda zao.

Yule mama wa miwani alinunua kwa sababu yangu. Siku ile nilimkoromea vizuri, nikajigeuza ubavu kama mtu asiye na ugomvi na dunia, akamwambia bosi, nipe kama hilo. Akapewa ambalo si kama hilo. Aliporudi juma lililopita alikuwa ameshika kiuno kwa mkono mmoja, anatembea kama aliyebeba ndoo kichwani na hataki imwagike hata tone.

Hakuniona. Alipochoka kungoja alisema maneno machache tu, kwamba mji huu si mkubwa, akaenda zake. Bosi akaja stoo kunichomoa kwa rula.

Hiyo rula lazima niieleze. Ni ya mbao, ya kupimia magodoro, ndefu kuliko mkono wake, na ncha yake imelika kwa mbavu zangu. Kila nikipitiwa na usingizi wa kweli pale dirishani, bosi hunichoma nayo ubavuni. Nashtuka, naruka, wapita njia wanavunjika mbavu kwa kicheko. Nimemchukia kwa hilo kuliko kwa jambo jingine lolote. Umemwajiri mtu alale, kisha akilala unamchoma. Ndiyo akili ya mabosi hiyo.

Basi, tuendelee.

Mambo ya leo yalianzia hospitali, kwenye kliniki ya sisi watu wazito. Kliniki hiyo wakubwa wameiweka ghorofa ya juu kabisa. Lifti ipo, ina kikaratasi kinachosema ni mbovu, na kikaratasi chenyewe kimegeuka rangi ya njano. Nilipomlalamikia msimamizi aliniambia ngazi ni sehemu ya matibabu. Yeye nilimwona akipita mlango wa nyuma, ambako kuna lifti nyingine.

Ukifika juu, roho iko mkononi, unakaribishwa kwenye viti vyenye mikono. Viti vyenye mikono, kwa watu wa miili yetu. Aliyeviagiza simjui, ila naapa hajawahi kukaa karibu na mmoja wetu. Ukiingia hutoki, ukitoka unatoka nacho.

Hapo ndipo ninaposubiri kupasuliwa. Wanapunguza mfuko wa chakula ubaki mdogo, ili mtu ashibe kwa kidogo na mwili upungue. Daktari mkuu aliniambia nisipofanya hivyo, moyo wangu hautanisindikiza mbali. Nikakubali. Nina hofu moja tu, na si ya kisu.

Naogopa nusu kaputi.

Nikilala fofofo pumzi yangu inakata. Nakoroma, nakoroma, halafu kimya, kama redio iliyokatiwa umeme. Mke wangu alilijua hilo tangu tulipooana. Alilala upande wa ukutani, na kila pumzi ilipokatika alinitia kiwiko cha mbavu. Hakuwa anaamka. Kiwiko chake kilikuwa na akili yake chenyewe. Asubuhi nikimlalamikia kwamba mbavu zinauma, ananiambia shukuru zinauma.

Alifariki katika hospitali ile ile, wodi ya chini, akimsubiri daktari aliyekuwa kwenye kikao na wakubwa wenzake. Kikao kilikuwa cha kujadili huduma bora. Sitasema zaidi. Nilishayasema huko nyuma, mhariri akayapunguza.

Tangu tumzike silali kitandani. Nalala kwenye kiti cha sebuleni, kisogo ukutani, maana nikiwa nimekaa pumzi haikatiki sana. Kitanda kipo, kimetandikwa, upande wake na upande wangu. Mimi mwenye kazi ya kulala sina pa kulala. Na sasa wanataka kunipa usingizi mzito kuliko wote, na mwenye kiwiko hayupo.

Kabla ya kupasuliwa kuna vikao vya ushauri. Mshauri wetu ni binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu kama tungejaliwa. Siku hiyo tulikuwa wawili mbele yake: mimi, na msusi mmoja mwenye mwili mkubwa na mdomo mkubwa zaidi. Kwa sababu ya vile viti tuliketi wote wawili juu ya kitanda cha kupimia wagonjwa. Kitanda kikalia. Nikawaambia kwetu dukani hiki kisingepita.

Yule binti akauliza swali ambalo sikulitegemea. Alitaka kila mmoja aseme atajuaje kwamba amefanikiwa. Nikaanza kutaja kilo, akaniinulia kiganja. Alisema mizani inajua uzito, haijui maisha. Wako waliopungua sana na bado wanajiona wameshindwa, kwa kuwa walitaka kufanana na picha waliyoiona mahali. Wako waliopungua kiasi na wanaishi raha mustarehe. Kwa hiyo kilo tumwachie yeye, sisi tumtajie jambo moja ambalo mwili umetunyima na tunalitaka.

Msusi hakufikiri hata kidogo.

"Nataka kukunja nne," alisema. "Mteja aingie saluni anikute kwenye kiti changu, nimekunja nne kama mwenye mji. Hizo kilo bakini nazo."

Zamu yangu ikafika. Nikajibu, "Nataka niwe mwembamba kama mshahara wangu."

Msusi alicheka mpaka kitanda kikalia tena. Binti naye alicheka, kisha akangoja. Hiyo ndiyo hila ya hawa watu, wanajua kungoja. Nikatupa mzaha wa pili, akangoja. Nikasema habari za lifti, akangoja. Mwisho maneno yakanitoka yenyewe.

"Nataka kulala kitandani kwangu. Upande wangu."

Msusi akanisukumia leso yake bila kunitazama. Nikasema kuna vumbi chumba hiki, wakubwa hawaajiri wafagiaji.

Binti akasema hayo ndiyo mafanikio yangu, na hakuna mizani itakayoyapinga. Nikipungua kidogo nikalala chali hadi asubuhi, nimeshinda. Nikipungua kama ufito na bado nalala kitini, tutakuwa hatujafanya kitu. Halafu akauliza ni nini hasa kinachonizuia kulala. Nikamweleza pumzi, nikamweleza kiwiko. Nilitegemea acheke. Uso wake ukabadilika.

Aliuliza kama daktari wa usingizi, yule wa nusu kaputi, analijua jambo hili. Nikamwambia hakuna aliyeniuliza. Walinipima damu, walinipima mkojo, walinipima kiuno kwa futi mbili zilizounganishwa, lakini namna ninavyolala hakuna aliyetaka kuijua. Hapo ndipo alipotoa sharti. Kikao kijacho nije na mtu aliyeniona nimelala, aeleze pumzi inakata vipi, maana aliyelala hawezi kujishuhudia. Bila shahidi, daktari wa usingizi hatakubali kunigusa, na nafasi yangu itaenda kwa anayefuata.

Nadhani aliniona nimenywea, maana alishusha sauti na kuniuliza nini hasa ninachokiogopa.

"Nani atanitia kiwiko?" nikamuuliza.

"Baba, ukiwa kwenye nusu kaputi kuna daktari mmoja anakaa kichwani pako," alisema. "Hapasui, hashiki kisu. Kazi yake ni pumzi yako, toka mwanzo hadi mwisho. Wengine wakizungumza habari zao, yeye anaangalia pumzi yako."

"Hatoki?"

"Hatoki."

"Hana kikao?"

"Hana kikao."

Nilishuka ngazi zile bila kumtukana mkubwa yeyote, mpaka nilipofika ghorofa ya katikati.

Sasa kazi ikawa shahidi. Nilimwendea shemeji yangu, mdogo wake marehemu, anayekaa nyumba ya pili. Nilimkuta anapiga pasi. Nikamweleza kwamba hospitali wanataka mtu aliyeniona nimelala. Akasimamisha pasi, akanitazama kama nimepungukiwa.

"Shemeji, mimi nikuone umelala wapi?" alisema. "Unataka niachike?"

Kisha akaangua kicheko. Alisema mji mzima umeniona nimelala isipokuwa yeye. Kama nataka shahidi, basi nimchukue anayenilaza kila siku.

Nilijua anamsema nani. Na ndiye mtu niliyekuwa nimemficha. Bosi hakujua habari za upasuaji. Nilikuwa nimepanga kumdanganya kwamba naenda kumuuguza mjomba, nirudi nimepungua, niseme maji ya huko ni mabaya. Kwenye ukuta wa duka amechora picha yangu nimelala, tumbo limepita dirisha. Nikikonda, picha ile inakuwa ya mtu mwingine, nami nimemwaga unga.

Lakini shahidi mwingine sina. Kesho yake, kabla hatujafungua, nikamwambia.

Bosi alikaa chini, juu ya godoro la dirishani, mahali pangu. Godoro halikushtuka hata kidogo, kama kuna mtu ameweka gazeti. Akauliza watakata kiasi gani. Nikamwambia hawakati mwili, wanapunguza mfuko, mwili unapungua wenyewe polepole.

"Na dirishani nitamlaza nani?" aliuliza.

Akatazama barabara, akatazama rula yake, akauliza kikao ni siku gani.

"Nitakuja," alisema.

Alivyolisema upesi ndivyo nilivyoogopa. Mtu atakayekula hasara nikikonda, anakimbilia nini kwa madaktari wangu? Nikapiga hesabu zangu nikaona njama. Akifika pale atasema nalala kama mtoto mchanga, sina tatizo, wasinisumbue na visu. Au atatia chumvi mpaka wao wenyewe wakatae kunipasua. Vyovyote vile atanirudisha dirishani, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwalika. Nilitamani kumwambia asije, lakini bila yeye nafasi ilikuwa imekwenda.

Siku ya kikao alitangulia kufika. Alikuwa amevaa koti la harusi, na kwapani ameshika kitu kirefu kilichoviringishwa gazeti. Nikakijua. Nikamuuliza rula ya nini hospitali, akasema shahidi huja na kidhibiti.

Alipanda ngazi mbele yangu, kila penye kona akisimama kunisubiri, huku akijifanya anasoma matangazo ukutani. Juu, alikaa kwenye kiti chenye mikono na ikabaki nafasi ya mtu wa pili. Ndipo nilipojua viti vile vilipimwa kwa makalio ya nani. Mimi na msusi tukaenda kwenye kitanda chetu. Bosi akasogeza kiti chake hadi ubavuni kwangu.

Binti akamshukuru kwa kuja, akamwomba aeleze anavyoniona nikilala. Bosi akakohoa. Nikauma meno.

"Anakata pumzi," alisema bosi.

Binti akauliza kama ni mara kwa mara.

"Kila akizama. Anakoroma vizuri, wateja wanafurahi, mara kimya. Kifua kinapanda lakini hakuna kinachoingia. Hapo namchoma." Akafungua gazeti, akamwonyesha ile ncha iliyolika. "Namchoma hapa. Anashtuka, anavuta, tunaendelea na biashara."

Nilidhani sijasikia sawasawa. Nikamuuliza mbele ya watu wote, kwani hakuwa ananichoma kwa sababu nimelala kazini?

"Kazi yako ni kulala," alisema. "Nikuchome kwa kulala, mimi nina wazimu?"

Msusi akapiga makofi mara moja, akajizuia.

Binti akamuuliza bosi ni nani aliyemfundisha hivyo. Akasema hakufundishwa na mtu. Siku moja, mwanzoni kabisa nilipoanza kazi, alivuka barabara kwenda kula. Aliporudi akakuta watu wamejaa kiooni wanacheka, na mimi midomo imegeuka rangi. Wao walidhani ni mchezo. Yeye hakuwa na kitu mkononi ila rula.

"Tangu siku hiyo chakula cha mchana nakula dukani," alisema.

Hilo nililijua. Nilikuwa nimeona kila mchana anakula amesimama, macho hayabanduki kwangu. Nilidhani ananichunga nisiibe foronya. Nimewaandikia hapa hapa, majuma mengi, kwamba ananichunga nisiibe foronya.

Msiniambie nimwombe radhi. Bosi ni bosi. Na kweli, nilipokuwa bado natafuta pa kuyaweka macho yangu, yeye mwenyewe akaniokoa. Alimgeukia binti na kusema asifikiriwe vibaya, alikuwa analinda mali yake, maana mtu akifia dirishani nani atanunua godoro? Kisha akainama mbele kama anayeomba punguzo na kuuliza kama haiwezekani wanipunguze nusu tu. Nusu ikalale kitandani kwangu, nusu ibaki ya dirishani.

Msusi akamwambia asihangaike. Anilaze hivyo hivyo baada ya kukonda, aandike kiooni kwamba huyu ndiye yule, godoro letu limemtuliza. Bosi akatoa kalamu akaandika mkononi.

Binti alikuwa anacheka sasa. Alisema ushahidi umetosha kabisa, na mashine ya pumzi nitaandaliwa, hata ya kwenda nayo nyumbani. Nafasi yangu haiendi popote. Kilichobaki ni daktari wa usingizi mwenyewe kunisikia na kuweka tarehe. Alikuwa njiani anapanda. Ndiye atakayekaa kichwani pangu, ndiye asiyekuwa na kikao.

Nikajiegemeza ukutani. Niwaambie ukweli, kwa dakika ile moja sikuwa na ubaya na mkubwa yeyote. Niliona kitanda changu. Nilijiona nimelala chali, upande wangu, na mashine pembeni inanong'ona. Nikawaza marehemu angesema mashine hiyo haina kiwiko, ila itafaa.

Mlango ukafunguliwa.

Aliingia mama mmoja aliyevaa barakoa na kofia ya kitambaa, anahema kwa ngazi, maana hata yeye hiyo lifti ya nyuma hawakumpa. Mkono mmoja ulishika faili. Mkono wa pili ulishika kiuno. Alitembea kama aliyebeba ndoo kichwani na hataki imwagike hata tone.

Bosi aliteremka kwenye kiti chake mpaka koti la harusi likafika masikioni.

Mama akashusha barakoa, akapandisha miwani. Alinitazama mimi, akamtazama bosi, akaitazama ile rula yenye alama za kupimia magodoro. Aliufunga mlango kwa nyuma, taratibu.

Akaketi kwa mafungu mafungu, kwanza mkono, kisha paja, kisha mgongo.

Alianza na kazi yake. Aliniuliza dawa ninazomeza, kama navuta sigara, kama nimewahi kuugua kifua, nami nikajibu kwa adabu ambayo mama mkwe wangu hajawahi kuipata. Akamtaka bosi arudie habari ya rula. Bosi akairudia kwa sauti ya mbu. Mama akamsikiliza hadi mwisho, akamwambia kwa kweli amemwokoa mtu. Bosi akajikunyata zaidi.

Kisha akafunga faili.

"Mgongo wangu unisamehe," alisema, bila kumtazama mtu. "Tangu ninunue godoro jipya haujawa wangu."

Msusi akataka kujua kanunua duka gani. Mama akamwambia subiri, mama, utasikia sasa hivi.

Akanigeukia. Alisema siku ya upasuaji atakaa kichwani pangu na hataondoka, pumzi yangu itakuwa ya kwake. Lakini yeye anayemlaza mtu ana kitu kimoja tu cha kutegemea, nacho ni maneno ya mtu huyo. Mgonjwa akisema hajala kumbe amekula, chakula kinarudi kifuani naye anamfia mikononi. Ndiyo maana ana desturi yake, na binti anaijua. Huuliza kwanza swali moja ambalo jibu lake analo. Akidanganywa, hamgusi mtu huyo, na nafasi huenda kwa mwingine.

Binti akaitikia kwa kichwa, hajui lolote, maskini.

"Jana nilimwita fundi akalipasua," alisema mama. "Kwa hiyo jibu ninalo. Nataka nilisikie kutoka kwako wewe uliyelala juu yake ukanikoromea. Lile godoro mlilonipelekea nyumbani, ndani lina nini?"

Nikasikia kitanda chetu kinajiandaa kulia.

Nikisema sijui, nimedanganya, na kitanda changu kitabaki kimetandikwa hivyo hivyo siku zote. Nikisema ninachokijua, namuuza mtu aliyekula chakula chake cha mchana amesimama ili mimi nivute pumzi, tena namuuza mwenyewe akiwa hapa ubavuni.

Bosi hakunitazama. Alikuwa anatazama sakafu kama anayeipima.

Ndipo nilipoihisi. Taratibu, chini ya koti lake, ncha ya rula ikanigusa mbavuni. Mahali pale pale pa rula, mahali pale pale pa kiwiko. Nimechomwa hapo maisha yangu yote, na hii ilikuwa mara ya kwanza nisijue naambiwa nini, niamke au ninyamaze.

Mama wa miwani akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti lake, akangoja. Hata yeye anajua kungoja.

Nikavuta pumzi yote niliyokuwa nayo, nikafungua kinywa.